Paa la Kuinuka

Baba alichimba fedha miaka thelathini na mmoja
chini ya mlima, Kellogg, Idaho,
na fedha hakuiona.
Alirudi na mgongo wa ndoana,
kofia ya chuma iliyokwaruzwa na dari za mashimo,
na kauli moja anayoitoa akishachonga penseli:
"Nyumba isiyotaka nisimame, siitaki."

Kwa hiyo Novemba, theluji ilipofunga njia ya juu,
aliingiza pikapu gerejini,
akapanda nyuma, akalala chali juu ya bati,
mikono kifuani. Nikataka kucheka, nikashindwa.
"Marlys, pima. Kisigino hadi utosi.
Halafu ongeza kiganja."
Nikaongeza kiganja. Chake, si changu.

Plaiwudi ilitoka kanisa la Walutheri walipong'oa jukwaa;
upande wa ndani bado una misalaba ya chaki
pale mamajusi watatu walipopangwa kila Krismasi.
Baba hakuifuta. Sasa sufuria zetu
zinakaa aliposimama mwenye uvumba.
Bawaba ni za friza la mchinjaji.
Vinyanyuzi vya gesi ni vinne, vya mkono wa pili:
viwili vizima,
viwili vinapumua kwa kukoroma, kama yeye
akipanda ngazi.

Turubai nilishona mimi, kwa cherehani ya marehemu shangazi Hulda.
Sindano sita zilivunjika, ya saba ikashika adabu.
Tukalimwagia ndoo ya maji. Kona ya kushoto ikalia.
Fundi mbaya hulaumu vyombo; baba alilaumu maji,
kisha akanyamaza siku mbili.
Ya tatu nilimkuta anapaka nta kwenye mshono,
polepole, kwa kidole gumba,
kama anayempaka mtoto dawa ya kifua.

Majira yote ya baridi hatukuliona paa likiinuka.
Dari ya gereji ilikuwa fupi.
Tulijenga kitu kilichoinama
tukiwa tumeinama,
tukiamini namba tulizoandika ukutani.

Aprili, barabara ikakauka. Akarudisha gari nyuma taratibu,
na paa likagonga kizingiti cha juu.
Vidole viwili.
Miezi mitano, vidole viwili!
Hapo baba alisema maneno ya Kifini
ambayo sijui kuyaandika, wala sitaki.

Nikatoa upepo matairi yote manne.
Kikabaki kidole kimoja.
Basi tukaita mtaa:
Bi Dufresne na mbwa wake,
mapacha wa Hollister,
Garvin mchinjaji, aliyekuja kuulizia bawaba zake.
Wote wakashindiliwa humo ndani kama magunia ya viazi,
na gari likashuka, likaguna,
likapita,
likiacha mstari wa rangi juu ya mlango.

Uani, baba hakungoja mtu atoe kamera.
Alifungua komeo zote nne, akaweka bega,
bega, si mikono,
vile wachimbaji wanavyoinua gogo la kuegemeza mwamba.
Gesi ikafanya fyuuu. Turubai likajikunjua, likanuka nta.
Naye akasimama.
Si kwa mara moja. Alisimama kwa vituo,
pingili baada ya pingili, akisubiri kugongwa.
Hakugongwa.
Kilibaki kiganja kizima cha hewa juu ya mvi zake.

Akainua ngumi, akabisha dari mara tatu,
akatega sikio,
jinsi alivyokuwa akiuuliza mwamba kila asubuhi
iwapo jioni utamruhusu kurudi nyumbani.
"Limekubali," akasema.

Kisha akafungua zipu ya dirisha, akachungulia nje,
akauliza nani ana pampu.