Upepo wa Jana

Daktari Pfaffrath, aliyeng'oa meno ya watu miaka thelathini,
alistaafu Aprili, akajinunulia gari la farasi mia tano,
rangi ya jivu lililonyeshewa.
Akalisimamisha mlangoni kwangu, injini ikinguruma kwa chini.
"Wiltrud," akaniambia, "nifungie matairi mapana kuliko yote."

Mapana kuliko yote.
Kana kwamba barabara ni godoro.

Nikamchuchumaza kando ya gurudumu.
Tazama, Daktari. Gari zima, chuma na kiburi chake,
linaigusa dunia kwa viganja vinne tu:
hiki chako, hiki changu,
na viwili vya yule kijana anayekunywa kahawa pale nyuma.
Hapo ndipo breki zako zilipo. Hapo ndipo kona ilipo.
Mengine yote ni rangi.

Tukachagua. Yaani, mimi nilichagua, yeye akabisha.
Raba laini hunata kama ulimbo, ila huliwa upesi;
ngumu hudumu, lakini kwa baridi ya milima hii ya Eifel
asubuhi huwa sabuni bafuni.
Nikamsomea maandishi ya ubavuni: upana, kimo, kipenyo,
herufi ya mwendo, wiki ya kuzaliwa,
maana tairi huzeeka hata likiwa stoo halijaiona lami.
Akataka tubadilishe ya mbele tu.
"Ya nyuma bado yana nyama."
Nikamuuliza: na wewe ungemtia mgonjwa
nusu ya meno yake, nusu ya jirani?
Akacheka, akatoa pochi.

Kisha upepo.
Alikuwa na namba mfukoni, kwenye risiti ya duka la mikate:
mbili nukta nane, pande zote. Kapewa na shemeji yake.
Na shemeji anaendesha nini?
Anaendesha gari la kubebea mbao.

Basi tukaanza na kibandiko cha mlangoni,
neno la waliolitengeneza,
saa kumi na mbili asubuhi, tairi likiwa baridi,
jua halijalipasha upande mmoja likatudanganya.
Nikapima. Nikaandika kwa chaki sakafuni.
Nenda, nikamwambia, zunguka mara tatu, usimwonyeshe mtu ubingwa,
urudi bila kupoa.

Alirudi uso mwekundu, mikono inamtetemeka kwa furaha.
Linateleza, akasema, linaelea, sijui.
Nikachomeka sindano ya joto mahali patatu:
ukingo wa ndani, katikati, ukingo wa nje.
Katikati palikuwa pamoto kuliko kingo zote mbili.
Tairi limejaa mno, Daktari. Limetoa kifua,
linasimama kwa kitovu, kingo zinatazama tu.
Nikalibonyeza vali. Psss.
Kidogo. Geji. Psss tena.
Kushoto mbele nikapunguza zaidi,
kwa kuwa kona za kule nyingi huenda kulia
na bega la kushoto ndilo hubeba mzigo.
Safari ya kurudi nyumbani, jaza tena.

"Sasa niandikie namba iliyo sahihi."
Nikamwandikia. Chini yake nikaongeza: leo.
Hakupenda. Watu hupenda namba inayokaa.

Keshoye alfajiri nilimkuta amechuchumaa mlangoni,
kanzidata yake mpya — daftari la shule, la mistari —
juu ya goti, geji yake mwenyewe mkononi.
Hakunisalimu.
"Kulia mbele," akasema. "Usiku kucha limepoteza nukta tatu."
Nikaleta maji ya sabuni.
Povu likachemka kwenye mfereji wa pili:
skrubu, ndogo kama jino la utotoni,
imezama hadi kichwani.

Nikanyoosha mkono. Akanitangulia.
Aliomba koleo, akavua koti,
akaliegemea tairi kama taya la mtu anayeogopa,
akaizungusha polepole, akinong'ona jambo,
mpaka ikatoka,
na upepo wote wa jana ukampiga usoni.