Safu ya Nne

Inyala, saa tisa usiku, mwezi wa saba.
Baridi imekaa mezani kama bosi.
Kutoka lori moja la Ruaha Mbuyuni tumeshusha
magunia mia na arobaini ya vitunguu,
watu kumi na tisa,
na wewe.

Dereva kaingia kwenye mabua ya mahindi, kayeyuka.
Utingo anaapa yeye ni utingo tu.
Simu ya tajiri iliita mara moja, sasa haipatikani.
Umebaki wewe wa kuandikwa.

Safu ya kwanza, jina. Unagusa kifua: Mesele.
Nimeandika nilivyosikia, unisamehe herufi.
Safu ya pili, umri. Vidole kumi, kisha vitatu,
kisha unavihesabu upya
kana kwamba njiani kimepotea kimoja.
Safu ya tatu, atokako. Unatazama dirisha,
nalo dirisha letu linatazama Tunduma.

Safu ya nne: Kosa.

"Kuingia nchini bila kibali," anasema Koplo Mwaisumo.
"Andika, Afande. Hao wengine si tumewaandika hivyo?"

Mwenzako aliyeokota Kiswahili Nairobi ananieleza:
ng'ombe wawili wa baba yako,
bwana mmoja mwenye pikipiki mpya,
duka huko Afrika Kusini, utauza soda,
na deni la miaka mitano ambalo hukuambiwa
hadi mlipokwisha kuvuka mto.

Sasa huyu amekosa nini?
Amekosa viatu.
Amekosa kula tangu juzi.
Amekosa mtu wa kumfukuza yule bwana uani.

Mzigo haushiki usukani, Koplo.
Tangu nivae gwanda hili sijaona
gunia likitiwa pingu kwa kuvuka mpaka.

Koplo anafuta macho. "Vitunguu hivi," anasema.
Ndiyo. Vitunguu.

Nimeandika: Amekosewa.
Herufi mbili tu zimeongezeka, na wino ni uleule wa serikali.
Asubuhi mkuu wa kituo atafoka, najua anavyofoka,
atauliza hiyo ni sheria ya wapi.
Na ustawi wa jamii hawafungui kabla ya saa mbili na nusu.
Mpaka hapo utalala kwenye benchi, si kule ndani,
na koti langu, ingawa linanuka moshi.

Umemaliza chai. Umeingiza mkono mfukoni,
umeweka kitunguu kimoja mezani, mbele yangu,
kama mtu anayelipa.

Sijakiandika popote.