Kisanduku Kilichokula "Ha"

Ruwi, ghorofa ya pili, juu ya duka la betri,
nimekaa kati ya mashine mbili zisizosalimiana.
Kushoto simu ya upepo, umri wake sawa na ndoa yangu,
inakohoa, inakwaruza, lakini jabali hailiogopi.
Kulia kioo: vitone vya rangi ya chungwa
vinatambaa juu ya ramani kama sisimizi waliopewa anwani.

Miaka mitatu daraja nilikuwa mimi.
Sikio kwa Hamdun: "Nateremka Qurum, mteja ana mbuzi,"
vidole kwa Sleyum, aliyerudisha redio kabatini
akidai waya unamharibia gari jipya.

Kisha kampuni ikamleta Biju, kijana wa Kerala,
na kisanduku cheusi kisichozidi boksi la tende.
"Dada Rayya, sasa zitaongea."
Sauti inaingia huku, akasema, inasagwa unga,
inapita hewani, inakandwa tena kule.
Nikamuuliza: na pumba zinakwenda wapi?
Akacheka.

Ikaja Jumanne ya mvua.
Majabali makavu tangu Shaabani yakafungua mifereji,
Wadi Adai ikaamka na rangi ya chai ya maziwa.
Hamdun yuko upande wa Amirat. Sleyum yuko upande huu,
kiti cha nyuma mama mjamzito na mkwewe.
Sleyum akauliza: njia ipo?
Hamdun akabonyeza na kusema papo hapo,
kama alivyozoea miaka yote:
Hapana njia.

Kushoto nikasikia: Hapana njia.
Moja. Mbili.
Kulia, sauti ileile, safi kuliko ya asili:
Pana njia.

Pumzi tu, ile "ha".
Kisanduku kilikuwa bado kinafungua mlango,
nayo ikabaki nje, kwenye mvua.

Kitone kikaanza kusogea.
Sikushika redio, sikugusa kioo.
Nilimpigia simu ya mkononi nikamtukana,
tusi la Ng'ambo, la marehemu bibi,
ambalo ukilikata kichwa bado linauma.
Kitone kikasimama.

Biju akarudi, akapima, akasema ni nusu sekunde,
haiondoki, ndivyo mitandao inavyopeana mikono.
Basi tukakubaliana: kabla ya kusema
toa neno la sadaka, kisanduku kile, ndipo ujumbe upite.
Nasor akaanza na Bismillahi. Hamdun akagomba:
jina la Mola halilishwi mashine!
Wakanuniana wiki nzima, kwenye chaneli, sote tukisikia.
Sasa mmoja anasema "chumvi",
mwengine anapiga chafya ya uongo,
na Hamdun anatoa "ha" peke yake, anangoja,
halafu: "Hapana abiria Matrah."

Sleyum hakusema ahsante.
Siku ya tatu alipanda ngazi, akafungua kabati,
akaifuta vumbi ile redio yake kwa ncha ya kanzu,
akauliza kama waya wake bado upo.

Nyumbani mume wangu ananiuliza
mbona siku hizi kila nikitaka kumjibu naanza kwa kukohoa.
Namtazama midomo.
Moja. Mbili.