Rangi Haing'oi Rangi

Nasra kasema nisioshe kichwa siku mbili,
jasho na mafuta ya ngozi ni ngao.
Basi nimekaa na jasho langu la Mabibo, la Januari,
kwenye stuli ya bafuni, kanga kuukuu mabegani,
ile iliyofifia maandishi, limebaki neno "hasidi" tu.

Bakuli liwe la plastiki, si la bati.
Unga wenyewe wa buluu kama sabuni ya kufulia,
na dawa yake ina harufu inayoingia machoni
kabla haijafika puani.
"Shangazi, hii si piko.
Piko unapaka, unalala. Hii ukilala
utaamka nywele zimebaki kwenye mto."

Mimi nilidhani ni kupaka rangi nyepesi juu ya nyeusi, yakaisha.
Kisanduku nilishanunua, Mtaa wa Mchikichi, elfu nane,
kina picha ya mzungu anacheka, nywele kama asali.
Nasra akakigeuza, akakisoma, akakirudisha.
"Rangi haing'oi rangi, shangazi."
Somo hilo alilipata saluni, Kinondoni,
kwa kuunguza kichwa cha bibi harusi.

Sitafuti ujana, ieleweke.
Ujana nimeuvaa miaka kumi na tisa, kila Ijumaa ya pili,
umenibana kama kiatu cha kuazima.
Natafuta mvi zangu.
Najua zipo, zinaota kwa adabu,
zikichungulia napaka, zikichungulia napaka,
kama mtu anayemziba mdomo mtoto msibani.

Anaanza na ncha. Mizizi ina joto la fuvu, hukimbia,
iwe ya mwisho.
Dakika kumi: nyeusi.
Ishirini: nyekundu, nyekundu ya tofali.
Thelathini na tano: chungwa,
lile la koni wanazozungushia mashimo barabarani.
Nacheka. Nasra hacheki, anatazama saa ya simu.

Hapo ndipo bomba likakohoa.
Likatema hewa, tone, hewa.
Ndoo ilikuwa nusu, na ile nusu nilishaikogea.
Kichwa kinawaka, nakwambia, kama nimejitwisha jiko,
na mtoto wa watu anakimbia kwa Mama Chausiku
kuomba dumu moja, anarudi na mawili,
na Mama Chausiku mwenyewe nyuma yake,
amekuja kuona.

Wakanimwagia nimeinama.
Mama Chausiku akasema, "Lahaula."
Akanyamaza.
Kisha, "Lakini mizizi imetoka vizuri."

Kweli. Utosini, fedha.
Katikati, zile koni.
Na chini kabisa, kisogoni, vidole viwili vya mwisho,
nyeusi tii, kama hazikuguswa.
"Hizo zimekula piko nyingi mno," Nasra kasema,
"tunarudia mwezi ujao, au tunakata."
Mkasi alishaushika.

Kisogoni sikuwa nikijipaka mwenyewe.
Alikuwa Athumani, kwa mswaki wake wa zamani,
msuli kiunoni, redio inatangaza mpira,
goli likiingia ananipaka mpaka sikio.
Tulia, mwanamke. Hapa umeruka. Na hapa.
Alirudia mara tatu tatu, hakuamini kazi yake.

Nywele hukua nusu inchi kwa mwezi.
Nikauvuta unywele mmoja, nikahesabu kurudi nyuma,
utosini hadi begani, mwezi kwa mwezi,
mwezi wa hospitali, mwezi wa arobaini,
nikapita hapo, nikaendelea,
nikafika kwenye nyeusi nikamkuta anafuta shingo yangu kwa kidole
na kukipangusa ukutani.
Alama bado ipo, juu ya swichi. Nilishaisugua kwa majivu.

Nikamwambia Nasra aweke mkasi.

Leo nimekwenda gengeni, kitambaa sikufunga.
Kijana wa nyanya akaniangalia, akaangalia tena,
akapanga fungu langu, tano kama siku zote,
akasita,
akaongeza moja.