Mtu wa Kushika Kamba

Aliyetafsiri ni mimi. Liandikwe hivyo.
Barua ilitoka kwa wakili wa Mbeya, kurasa mbili na muhuri mwekundu,
nami nilikuwa mwalimu wa Kiingereza, kidato cha pili,
mtu pekee pale Kyimo mwenye kamusi ambayo bado ina jalada.

Shamba la marehemu Anyelwisye, ilisema barua,
lipimwe na mtu disinterested.
Ambakisye alinitazama mdomoni. Dada yake, Tumpe,
alitazama migomba ya juu ya kijito,
ile ambayo kila mmoja aliiita yake.

Nikasoma: mtu asiye na hamu.
Nikafunga kamusi kabla haijanijibu.

Basi wakamtafuta mtu asiye na hamu.
Haikuwa kazi. Gwakisa wa mashine ya kukoboa yupo,
aliyechelewa hata harusini kwake kwa usingizi,
ambaye mvua ya Rungwe ikipiga wiki tatu
hasemi "mvua", husema "mh".

Akapewa ncha ya kamba.
Ukungu ulikuwa umeikalia chai, huoni jirani.
Hatua arobaini, au hamsini, hakuhesabu.
Kigingi alikichomeka pale alipochoka.
Akapiga miayo, akauliza kama kuna uji, akaenda zake.

Migomba ikaenda kwa kaka, na kaburi la mama pamoja nayo.
Wala hakupendelewa mtu; hilo ndilo lililoniuma.
Tumpe hakuibiwa na mwizi.
Aliibiwa na miayo.

Usiku nikaifungua kamusi kwa kidole chenye chaki.
Kumbe neno lile halikumtaka mlegevu.
Lilimtaka mtu ambaye hata ndizi moja ya pale
haitaingia chunguni mwake,
si shemeji, si mdai, hangoji kuku wa shukrani,
lakini macho yamemtoka kama anayepima la mwanawe.
Asiye na upande. Si asiye na habari.

Yule wa usingizi ana neno lake,
mwishoni huko mwa kamusi, linafanana na hili kama pacha,
na nasikia wenye lugha yao nao
huwaita mmoja akaitika mwingine.

Alfajiri nikabisha kwa Ambakisye. Nimekosea, nikamwambia.
"Neno moja tu, Mwalimu?"
Neno moja, na migomba kumi na minne.

Walipima tena mwezi wa sita, baridi inauma masikio.
Kamba aliishika Mama Mgaya, muuza mitumba wa Makambako,
hamjui mtu pale, na ndizi humvuruga tumbo.
Alipima mara tatu. Aligombana na kamba.
Aliwafokea wote wawili, na mimi kidogo.

Mpaka ulipita katikati ya mgomba mmoja.
Huo hadi leo hakuna anayeugusa.
Ndizi zake huiva, zikaliwa na ndege.