Mzima Namba Saba

Kitabu ni kilekile katika kila seli,
jicho na ini vinasoma nakala moja;
tofauti ni ukurasa gani umefunguliwa leo,
na unasomwa kwa sauti kubwa kiasi gani.
Hayo nilimweleza Nyanzobe wa Igombe
nikimfunga mpira mkononi. Akacheka:
"Basi ni kama sisi na Zaburi.
Mwenye msiba ana yake."

Wanawake kumi na wawili wakaanga mapanki,
na kumi na wawili wasiojua moshi.
Damu kijiko kimoja, barafu, mbio kupanda kilima,
maana ujumbe wa seli hauna subira:
kidole kisicho na glavu kinatosha kuufuta,
umeme ukikatika, umekwenda.
Nimewahi kulia juu ya boksi lililoyeyuka
kama mtu aliyefika akakuta kaburi limeshafukiwa.

Usiku wa tatu picha ikatoka,
miraba midogo, myekundu na ya buluu.
Kwa wakaangaji wekundu umekolea palepale:
jeni za joto, jeni za kutu,
mafundi wa ndani, Makoroboi ya mwili,
wanaopokea protini iliyopinda
wakaigonga, wakaigonga, hadi ikae sawa,
na hawajafunga duka tangu mwaka gani sijui.
Na pale pa kukua, pa kugawanyika,
buluu: kimya cha nyumba iliyoahirisha harusi.

Nyanzobe hakuwa mgonjwa. Kadi yake ilisema hivyo.
"Kikohozi tu, cha jioni."
Ndani, filimbi za sungusungu kila kona.

Halafu kompyuta, ambayo haina haya,
ikapanga ndugu na ndugu.
Ikamchukua mzima namba saba
ikamketisha katikati ya wakaangaji,
bega kwa bega na Nyanzobe.

Dokta Kaijage akasema, "Hiyo imechafuka. Itoe."
Sikujibu.
Namba saba ni mimi.

Kwenye fomu, *Je, unaishi au kufanya kazi penye moshi?*
niliandika *Hapana*, kwa mwandiko mzuri wa chuo.
Sikuandika kwamba kila Jumamosi na Jumapili
naketi Mwaloni nyuma ya karai la mama
nikigeuza vichwa vya sangara,
kilemba kimeshuka hadi kwenye nyusi
nisije nikaonwa na mtu wa maabara.
Jumatatu naosha nywele mara tatu.
Sabuni haifiki huko.

Jokofu linaunguruma. Wote wameshaondoka.
Nimeitoa fomu kwenye faili.
Kalamu imegoma, nimeipulizia pumzi.
Nimelikata neno kwa mstari mmoja,
kama utaratibu unavyotaka, lisomeke bado,
nimeweka sahihi na tarehe,
na juu yake nimeandika *Ndiyo*.
Kisha, kwa kuwa pembeni palikuwa na nafasi:
*tangu nina miaka tisa.*