Mia Mbili na Kumi

Inauzwa, ndiyo. Hiyo iliyo chini ya turubai,
nyuma ya magunia ya salfa, Chikongola, nyumba ya geti la bluu.
Usiiguse kwanza. Piga chafya umalize,
salfa haina adabu na mgeni.

Supra. Milango miwili, mwaka themanini na sita,
nyeupe kama korosho iliyobanguliwa bila kuvunjika.
Taa zake zimelala. Ukibonyeza hapa
zinafumbuka, moja ikichelewa,
kama mtu aliyeamshwa kula daku.
Ina tabo. Kwenye kioo pana karatasi ya Kijapani,
hakuna aliyeisoma na hakuna aliyethubutu kuibandua.

Erasto, umetoka Dar na tochi na sumaku,
unainama, unasoma saa ya kilometa, unacheka:
"Elfu tisa mia nne kumi na nne?
Dada, hii mmeirudisha nyuma."

Kaa kwenye hilo gunia nikuhesabie.

Baba yangu, Mzee Chilumba, alikuwa karani wa mizani
ghala la korosho, miaka thelathini na mmoja.
Aliinunua msimu ule bei ilipopanda
hata wauza uraka wakavaa saa za mkononi.
Angekwenda nayo wapi? Barabara ya Newala siku zile
ilitafuna malori ikatema springi,
na gari lenyewe tumbo liko chini kama kenge.
Basi: Ijumaa msikitini na kurudi.
Sikukuu, Mikindani, kula pweza.
Kila safari ameiandika. Daftari hili hapa:

*Imeshuka bandarini na 4,080.*
*Benki. 4. Mhasibu hayupo.*
*Harusi ya Somoe, Shangani. 7. Tulizunguka.*
*Uwanja wa ndege. 9. Kuangalia tu.*
*Hospitali Ligula. 5. Presha.*
*Hospitali Ligula. 5. Presha.*

Hakupita sitini. Tabo, alisema,
ni kama bunduki ya babu: heshima yake ni kutolia.

Jana usiku nimejumlisha mara tatu.
Daftari linasema elfu tisa mia mbili na nne.
Gari linasema mia mbili na kumi zaidi.
Mtu aliyepima hadi vumbi la maganda
hapotezi kilometa mia mbili na kumi.

Nakuambia wewe kwa kuwa u mgeni:
Lindi, kwenda na kurudi, ni hizo hizo.
Mpaka alfajiri nilikuwa nimeshamwoza marehemu mke wa Lindi,
nimempa nyumba Mtanda, na watoto wawili
wenye masikio yetu.

Erasto hanisikilizi. Kichwa kimo ndani ya gari.
"Kengele ya mwendo bado inafanya kazi?"

Kengele gani? Sijawahi kuisikia kengele.

Mama yuko kizingitini anabangua korosho,
viganja vyeusi kwa mafuta ya ganda. Hainui uso.

"Inafanya. Ukipita mia na tano
inalia ting, ting, kama mtu anagonga gilasi.
Ukifika Mingoyo umeshaizoea."

Ganda likapasuka. Jingine likapasuka.

Mama, asiye na leseni.
Mama, ambaye kwenye bajaji ya sokoni
humwambia dereva: taratibu, mwanangu, nina mayai.

"Lini?"
"Usiku wa arubaini, mlipolala.
Nilikuwa ndani ya eda. Mungu anisamehe."
"Nani alikufundisha?"
"Miaka yote nimekaa kiti cha kushoto,
ulidhani natazama nini? Natazama miguu yake."

Akapuliza punje, akaitupia kwenye ungo.
"Nilitaka kujua alikuwa anaogopa nini."

Sikumuuliza kama alijua.

Nikaazima kalamu ya Erasto. Chini ya presha ya mwisho,
kwa mwandiko wangu mbaya, nikaandika:
*Lindi. 210. Mama.*
Hesabu ikakaa.

Habari za bei tutaongea jioni, kijana.
Chomoa sumaku yako mlangoni.
Mama ameingia ndani kutafuta viatu.